Pale Nilipomkata Bi Tatu

Kompyuta iliyokaa miaka mingi bila kuwashwa ina harufu yake. Vumbi la ndani linapata moto, linaanza kuungua taratibu, na chumba kinanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya kanga. Harufu hiyo niliisikia wiki iliyopita nyumbani kwetu Morogoro, siku chache baada ya arobaini ya Baba. Mama alisema hilo dude la juu ya kabati nalo litafutiwe pa kwenda, yeye anataka nafasi ya kuweka masufuria yake ya shughuli. Nikaliteremsha, nikalipangusa, nikalichomeka kwenye umeme kwa ubishi tu, maana nilijua haliwaki. Likawaka.

Chini yake palikuwa na daftari la Baba, lile la jalada gumu alilokuwa akiandikia hatua za kazi. Mwandiko wake ulikuwa wa fundi mitambo, herufi kubwa zimesimama wima kama zimepimwa kwa rula. Chomeka waya wa kamera. Subiri taa. Usiguse kitu. Nikafungua kurasa za mwisho nikijua ninachokitafuta na nikiomba nisikikute. Nilikikuta: "KOSA LANGU. Nilifuta msiba wa Mama Mkwe kabla ya kuhakikisha. Isirudiwe." Amepiga mstari chini mara mbili. Nikakaa sakafuni na daftari mapajani, mtu mzima mimi, ninayeamkiwa shikamoo na watu wenye watoto wao, nikalia kama nimechapwa. Kosa lile halikuwa la Baba. Lilikuwa langu, na nililinyamazia tangu nikiwa darasa la sita.

Baba alikuwa Mpare, aliyekuja Morogoro kijana kabisa enzi ambazo mji huu ulikuwa mji wa viwanda na king'ora cha asubuhi kilimwamsha hata asiyekuwa na kazi. Akaoa Mluguru, akajenga, akatulia. Halafu ukaja ubinafsishaji. Kiwanda kikapata mwenyewe mpya, majina ya waliobaki yakabandikwa ukutani, na la Baba halikuwemo. Wenzake kiinua mgongo walinunulia mashine za kusaga, wengine wakaoa mke wa pili. Baba alikwenda Dar es Salaam akarudi na kamera ya video ya mtumba na kompyuta ya mezani ya mtumba, kubwa nyuma kama jiko la mkaa. Akaziweka sebuleni, akatundika pazia katikati, akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu kwamba hapa tunapiga na kuunganisha video za harusi, ngoma na misiba.

Studio nyingine mjini zilikuwa na programu za kuhariri zilizoibwa, za kunakiliwa kwenye CD na kupeanwa chini ya meza. Zile zilikuwa na mioyo inayopepea, miali ya moto, bibi harusi anatokea ndani ya waridi. Baba alizikataa. Yeye alitumia ile iliyokuja bure ndani ya kompyuta yenyewe, haina kulipia wala haina kuiba, na alijivunia jambo hilo mpaka inachosha. Mgeni akiingia tu, ataelezwa. Mama alikuwa akimtania kwamba Mpare hata akienda peponi ataulizia kama kuna mlango wa bure.

Programu yenyewe ilikuwa nyepesi. Video ikitoka kwenye kamera kupitia waya, ilijikatakata vipande, kila kipande na kipicha chake, kama stempu zimepangwa. Chini palikuwa na ukanda mrefu. Unaburuta kipande, unakiweka kwenye ukanda, unakata usichokitaka, unaunganisha. Baba aliikaribia kwa kidole kimoja na miwani puani, akisoma kila neno la Kiingereza kwa sauti. Mimi sikusoma, nilibonyeza nikaona inafanya nini. Baada ya miezi miwili kazi ya kukata ilikuwa yangu, nikitoka shule tu nimekaa kwenye kiti, sare haijavuliwa. Nilikuwa na kiburi cha kipuuzi. Kuna watu wazima waliocheza kwenye harusi zao wenyewe wasionekane kwenye CD kwa sababu mimi sikupenda walivyocheza.

Mwaka huohuo Bibi, mama yake Mama, aliletwa mjini kutibiwa. Alikuwa anaishi mlimani, juu ya Mkuyuni, kwenye nyumba inayonuka mdalasini mwaka mzima kwa sababu magome yalianikwa mpaka darini. Alikuja na Bi Tatu wa kumuuguza. Bi Tatu hakuwa ndugu yetu. Alikuwa mtani wetu, wa ule ukoo uliotaniana na ukoo wa Mama tangu enzi na enzi, na yeye na Bibi walitukanana asubuhi mpaka jioni kwa mapenzi yao. Bi Tatu alimwambia Bibi afe haraka ampishe kitanda. Bibi alimjibu kwamba hafi mpaka amalize chumvi ya nyumba hii. Mimi niliwasikia nikadhani wamegombana, na ugomvi wao ukanitisha.

Bibi alilala chumba cha nyuma, na mimi nilikuwa sebuleni kwenye kompyuta. Alikuwa na namna yake ya kuomba kitu. Anakohoa mara mbili kusafisha koo, anavuta kanga begani, ndipo anasema, na kila ombi alilimalizia kwa maneno yaleyale. "Mwanaidi, nipe maji, mjukuu wangu, kama hujachoka." Nami nilikuwa katikati ya harusi ya watu wa Kihonda, keki inakatwa, kipande hakikai sawa na muziki. Nikajibu, subiri Bibi, namalizia. Akaita tena kwa upole uleule, nikajibu vilevile. Sijui aliita mara ngapi siku ile. Ninachojua ni kwamba nilipokwenda na kikombe nilimkuta Bi Tatu ameshamnywesha, na Bibi akanichekea na kuniambia nisijali, kazi ni kazi.

Akarudi kwake mlimani hajapona. Wiki tatu baadaye tukaletewa habari kwamba amefariki. Watu walizungumza habari za sukari na presha, lakini mimi nilijua moyoni mwangu ni yale maji.

Mwanawe wa kiume pekee, Mjomba Kibwana, alikuwa Afrika Kusini. Alikwenda kwa njia za panya kama vijana wengi wa wakati ule, hana karatasi, na akitoka tu hawezi kurudi. Alipiga simu akilia, akamwomba Baba kitu kimoja: apige video ya msiba mwanzo mpaka mwisho, asiache kitu, yeye amzike mama yake kwa macho. Baba akaahidi. Tukapanda mlima na kamera imefungwa ndani ya taulo.

Nimehudhuria misiba mingi tangu wakati ule, lakini ule ndio ninaouona nikifumba macho. Ukungu, matope mekundu, wanawake wamekaa chini ya migomba, sufuria ya wali juu ya mafiga. Maziko yalikwisha salama, ingawa Bi Tatu alilala njiani mbele ya jeneza akidai hakuna kupita mpaka alipwe ushuru. Baba alishangaa. Akamwambia mzee mmoja aliyekuwa karibu naye kwamba kwao Upareni msibani hakuna mzaha wa namna hii. Alisema kwa sauti ya chini tu, lakini wakwe walisikia.

Tuliporudi uani, baada ya dua, Bi Tatu akatoka ndani ya nyumba ya Bibi. Amejifunga kanga za Bibi, ameshika fimbo ya Bibi, na anatembea kama Bibi, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema neno. Baba akashusha kamera. Mama, na macho yake yamevimba, akamwambia apige. Baba akapiga. Bi Tatu akakaa kwenye kigoda cha Bibi, akakohoa mara mbili, akavuta kanga begani, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Bibi kabisa.

"Mwanaidi, nipe maji, mjukuu wangu, kama hujachoka."

Halafu akageuza uso upande wa pili, akawa mimi, mgongo umepinda, vidole vinabonyeza hewani, sauti nyembamba ya puani: subiri Bibi, namalizia. Akarudi kuwa Bibi, akaomba tena. Akarudi kuwa mimi. Mara ya tatu akaegemea fimbo, akatazama watu wote uani mmoja mmoja, na kusema: "Haya. Nimesubiri mpaka nimekufa. Nileteeni hukohuko kaburini." Akajilaza chini.

Uani palilipuka. Watu walicheka mpaka wakalia, na waliokuwa wanalia wakacheka. Mama alishika ubavu. Mwanamke mmoja nisiyemjua akanipigapiga kichwani. Mimi nilisimama pale nikiona aibu inanipanda kutoka miguuni, na nilielewa jambo moja tu, kwamba nimeshtakiwa mbele ya ukoo mzima na ukoo mzima umekubali. Hakuna aliyeniambia utani msibani ni nini. Walidhani najua, mtoto wa Kiluguru hafundishwi vitu vile. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa mjini, baba yangu Mpare, na msiba niliouzoea ulikuwa wa kuinamisha kichwa.

Kesho yake wazee walikaa kuzungumza mambo ya ukoo, nani ashike nyumba, nani shamba la mdalasini. Nikawasikia wakisema hakuna kitakachoamuliwa mpaka Mjomba apate habari zote. Nikaweka hilo na lile pamoja kwa akili yangu ya miaka kumi na miwili. Mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba ataletewa video. Mjomba atamwona Bi Tatu akitoa ushahidi, ndipo ataamua la kufanya na mjukuu aliyemuua mama yake kwa kiu.

Kwa hiyo nilimkata Bi Tatu. Ilikuwa alasiri, Baba amekwenda kupokea kazi nyingine, nami nimebaki na msiba wote kwenye ukanda. Nikakata pale mlango wa nyumba ya Bibi unapofunguka. Nikakata tena pale watu wameshaketi kula. Nikavuta pande mbili zikakutana, nikaweka katikati yake ule mfifio wa programu, picha moja inayeyuka, nyingine inaingia. Mikono ya dua ikashuka, na ilipomaliza kushuka ilikuwa inachota wali. Ilikaa vizuri mno. Ninavyokumbuka, ndiyo kazi safi kuliko zote nilizofanya kwenye ile kompyuta, na Mungu anisamehe, niliifurahia.

Hapo kilikuwa bado hakijaharibika kitu. Hilo ndilo linalonikondesha. Kipande cha Bi Tatu kilikuwa mlemle kwenye kompyuta, kimetolewa kwenye ukanda tu, na mkanda wa kamera ulikuwa bado haujafutwa. Kwa siku nne nzima ningeweza kukirudisha kwa kukiburuta. Lakini mikanda ilikuwa adimu na kompyuta ilijaa haraka, kwa hiyo utaratibu wa Baba ulikuwa mmoja: kazi ikishakuwa CD, anafuta vipande vyote, na mkanda unaingia kwenye harusi inayofuata. Na hafuti bila kuuliza. Mtu aliyezoea mashine za kiwandani haweki mkono kabla ya kuuliza mara tatu.

Siku ya nne alikuja akitoka swala ya alasiri, kofia kichwani bado. Kulikuwa na harusi Mkuyuni siku inayofuata.

"Msiba wa Bibi umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kila kitu kimo?"

"Kimo, Baba."

"Nifute?"

Nikamwambia futa. Nilisema nikiwa nimetazama pembeni, kwenye pazia. Yeye akakaa, akavaa miwani, akatafuta kitufe kwa kidole chake kimoja, akafuta.

Hakuitazama ile CD mpaka mwisho. Aliangalia mwanzo, akaona jeneza linatoka, akasema imependeza, akaizima kwa kuwa Mama alikuwa jikoni na hakutaka asikie. Mama mwenyewe hakuweza kabisa kutazama. Ikafungwa kwenye bahasha, akapewa mtu anayesafiri.

Mjomba alipiga simu baada ya miezi kama miwili. Alikuwa ameshasimuliwa. Kila aliyeongea naye kwenye simu alimwambia habari ya Bi Tatu, jinsi alivyomfufua mama yake, jinsi alivyokohoa, jinsi alivyovuta kanga. Alikuwa anaingojea hiyo kuliko kaburi lenyewe. Baba alipokea simu akitabasamu, na tabasamu likafa usoni kwake huku namtazama. Sikusikia maneno ya Mjomba. Nilisikia ya Baba. Alisema hapana shemeji, sikuikata. Akasikiliza kwa muda mrefu. Akasema ni kweli nilisema vile pale msibani, lakini sikuwa na nia mbaya. Akasikiliza tena. Halafu akaniangalia, akaweka kiganja juu ya simu.

"Mwanaidi, ile sehemu ya Bi Tatu uliiona wakati unaunganisha?"

"Sikumbuki, Baba."

Akaondoa kiganja na kumwambia Mjomba kwamba basi ni yeye, atakuwa amebonyeza vibaya, mashine ile hajaizoea, anaomba radhi. Hakuniuliza mara ya pili. Baba yangu, aliyeuliza kila kitu mara tatu, mimi aliniuliza mara moja tu akaniamini.

Alipotoka nilikimbilia kwenye kompyuta. Niliamini kompyuta haipotezi kitu, kwamba kilichofutwa kimewekwa mahali fulani ndani mle na kinangoja kuitwa. Nikafungua kazi ya msiba. Vijisanduku vyote vilikuwepo, vimepangwa vilevile nilivyovipanga, na majina yake. Lakini ndani ya kila kimoja hapakuwa na picha. Palikuwa na alama nyekundu ya X, kama ya mwalimu aliyekosesha hesabu. Nikabonyeza kimoja kimoja mpaka cha mwisho. Ndipo nilipojua nimefanya nini, na hata hapo sikusema.

Baba alipanda mlima kwenda kuomba radhi kwa wakwe. Akatozwa mbuzi, akatoa, hakubisha. Alichukua kamera na akanichukua mimi, maana alikuwa na wazo: amwombe Bi Tatu arudie. Tulimkuta anapalia viazi vikuu nyuma ya nyumba yake. Baba akamwamkia, akajieleza, akiishika ile kamera kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Bi Tatu alimcheka vizuri, akamwambia Mpare ni bahili mpaka wa picha, kisha akakataa. Alisema lile lilikuwa la siku ile, na marehemu mwenyewe alikuwa bado hajafika mbali, anasikia. Sasa ameshakwenda.

Halafu akanigeukia. Akachota maji mtungini kwa kata, akanipa, akasema yeye hanisubirishi. Nikashindwa kuyameza. Nadhani aliona, kwa sababu aliacha kucheka, akaniinamia na kunisemesha taratibu. Aliniambia mtani hamtaji mtu yeyote tu. Anatajwa yule ambaye marehemu alikuwa hachoki kumzungumzia, na Bibi hakuwa na hadithi nyingine siku zake za mwisho isipokuwa ya mjukuu wake anayejua kuitengeneza harusi ya watu ikawa nzuri kuliko ilivyokuwa. "Alinituma mwenyewe," akasema. "Akaniambia, ukimsahau Mwanaidi wangu, nitakutokea ndotoni."

Baba alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, kamera mkononi, anatazama bondeni ili asiingilie mazungumzo yetu. Ningeweza kusema wakati ule. Maneno yalinifika mdomoni kabisa. Lakini nilikuwa nimeshasema sikumbuki, na kusema sasa kungekuwa kukiri mawili badala ya moja. Mtoto anapiga hesabu za hovyo. Nikanywa maji yakaisha, nikarudisha kata, nikamwambia asante.

Baada ya hapo Baba aliogopa mikono yake. Kila harusi aliitazama yote mara tatu kabla ya kufuta, hotuba za mashangazi, foleni ya zawadi, kila kitu. Kazi zikachelewa. Wenye harusi wakaanza kwenda kwa wale wenye mioyo inayopepea. Mimi nikamwambia nina mitihani, nikaacha kukaa kwenye kile kiti, naye akadhani ananichosha. Siku moja nimerudi shule nikakuta kamera haipo, na maandishi ya mlangoni yamepakwa chokaa. Alirudi kiwandani kwake kuwa mlinzi wa geti. Mlimani hakwenda tena ila kwa lazima, na Mjomba alipopata karatasi zake akarudi, walisalimiana kama watu wa foleni moja hospitalini. Bi Tatu naye alikwishafariki. Mtu wa kumwigiza Bibi hakuwepo tena.

Mwaka huu tumemzika Baba. Wakwe walishuka kutoka mlimani wengi kuliko nilivyotarajia, na mtoto wa Bi Tatu, Rehema, alikuwa nao. Tulipotoka makaburini akaomba miwani ya Baba. Nikajua kinachokuja. Akakaa mbele ya kreti la soda lililopinduliwa, miwani puani, akanyoosha kidole kimoja, akasoma Kiingereza cha uongo herufi moja moja. Akabonyeza. Akaganda. Akachungulia nyuma ya kreti, akachungulia chini yake, na akasema kwa lafudhi ya Kipare isiyo na kasoro, "Jamani, mama mkwe amekwenda wapi? Alikuwa hapa sasa hivi." Watu wakaangua kicheko. Mama alicheka. Mjomba Kibwana, mvi kichwani, alicheka mpaka akatoa leso.

Nikasimama. Sikupanga. Nilisema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba aliyemfuta Bibi si Baba, ni mimi.

Kicheko kikapanda maradufu. Rehema hakusita hata kidogo, akanishika mkono akaninyanyua juu kama bondia aliyeshinda. "Mnamwona Mpare? Kafa, kesi kamrithisha mtoto!" Watu wakapiga makofi. Nikarudia kusema, ni kweli, ni mimi, na kadiri nilivyosema ndivyo walivyozidi kucheka, mpaka shangazi mmoja akanikalisha akisema nimeweza, nimemtendea haki baba yangu. Maneno ya utani hayana kesi, kila mtu anajua hivyo. Nimeyaweka kifuani miaka yote, na siku niliyoyatoa niliyatoa mahali pekee ambapo hakuna anayeweza kuyaamini.

Binamu yangu alipiga yote kwa simu, na kazi ya kuunganisha nikapewa mimi, nani mwingine. Natumia kompyuta yangu na programu ya bure. Siku hizi ziko nyingi na zina kila kitu, mpaka mioyo inayopepea, na Baba angefurahi kuona. Juzi Mama alikuja akasimama nyuma ya kiti changu wakati nimefika pale. Akajiona anacheka, akatabasamu. Akaniona nasimama, mdomo wazi, kamasi zinanitoka.

"Hapo pakate," akasema. "Watu watadhani ulichanganyikiwa."

Nikamwambia sipakati. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kwa sababu pale sikuwa natania, Mama.

Alivuta kiti cha plastiki, akakaa karibu yangu, akajiweka sawa kanga begani. Feni ya kompyuta inavuma. Aliukazia macho ule uso wangu uliosimama kwenye kioo.

"Rudisha nyuma," akasema. "Nisikie vizuri, mwanangu. Kama hujachoka."